Makofi Yakiisha: Somo Kutoka Riwaya ya Mkimbiaji



Darsa la leo linaanza na riwaya ya vijana, The Running Dream ya Wendelin Van Draanen, iliyotoka mwaka 2011. Jessica, mkimbiaji wa miaka 16, anakatwa mguu baada ya ajali ya basi. Anapata mguu wa bandia, anarudi mbioni, na kijana anayempenda kimoyomoyo anamkaribia. Lakini anayetufundisha zaidi ni Rosa, mwanafunzi mwenzake mwenye mtindio wa ubongo. Ombi lake ni moja: watu wamwone yeye kabla ya kuona kiti chake cha magurudumu.

Hapa Uganda tunaye Husnah Kukundakwe, muogeleaji aliyezaliwa bila sehemu ya chini ya mkono wa kulia. Mwaka 2021, akiwa na miaka 14, alishiriki Paralimpiki ya Tokyo, mdogo kuliko wanamichezo wote. Tulimpigia makofi, naye alistahili.

Sasa tujiulize kuhusu sisi wenyewe. Dada wa chuoni anayetembea kwa magongo akitajwa katika mazungumzo ya posa, wangapi hubadili mada? Kaka asiyeona akileta posa, wazee hujibu nini? Uwanjani tunasema mashaallah. Nyumbani tunasema maskini.

Sahaba Julaybib (r.a.) alikuwa mtu ambaye watu hawakuvutiwa na umbo lake. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alimposea binti wa Kiansari. Wazazi walisita, binti akakubali.

Amr bin al-Jamuh (r.a.) alichechemea sana, naye alikuwa na mke na watoto. Wanawe walipotaka kumzuia asiende Uhud kwa ajili ya mguu wake, alimwendea Mtume, akaruhusiwa. Wanawe walimpenda, lakini huruma yao ilitaka kumwamulia.

Mapenzi ya riwayani huanzia shuleni. Yetu yana walii, mahari na mashahidi. Mlango huo usiwe mwembamba kwa mwenye magongo.

Maswali ya usra:
1. Ni sababu gani ya kukataa posa inatokana na dini, na ipi inatokana na aibu mbele za watu?
2. Je, mwenzetu mwenye ulemavu hufika kwenye darsa letu bila kubebwa ngazini?