Bandari za Mashua za Kifahari Kule Mediterania: Ulale Wapi, Ule Nini, na Pesa Yako Ipite Wapi

Wateja wengi sasa wanalipia safari za nje moja kwa moja kutoka kwa simu, kwa kadi ya kidijitali iliyounganishwa na akaunti yao. Leo tunakwenda pwani ya kusini mwa Ufaransa, kwenye bandari ya Antibes, kisha tutapitia Malta kidogo. Tumechagua Antibes kwa sababu moja: ni mahali pa matajiri ambapo mtu wa kawaida bado anaweza kukaa bila kulia, mradi ajue mlango wa kuingilia.

Antibes iko kati ya Nice na Cannes. Bandari yake, Port Vauban, ina nafasi za mashua zipatazo 1,500 na ni kati ya bandari kubwa za mashua za starehe barani Ulaya. Upande mmja kuna gati ambalo wenyeji hulibandika jina la Quai des Milliardaires, yaani gati la mabilionea, ambako huegeshwa vyombo vya zaidi ya mita 100. Kutembea na kutazama bandarini hakulipiwi.

Kulala: usiangalie bandari, angalia reli

Chumba kinachotazama mashua utakilipia yale mandhari. Sisi tunakushauri uanze na ramani ya treni. Kituo cha Antibes kiko kama dakika kumi kwa miguu kutoka bandarini, na treni za mkoa hupita pwani nzima: Nice, Cannes, hadi Monaco. Kwa hivyo unaweza kulala Juan-les-Pins, Golfe-Juan au Biot, ukaingia mjini asubuhi na kurudi usiku. Nunua tiketi kabla ya kupanda, maana wakaguzi wa kule hawasikii hadithi.

Angalia na kalenda. Mwezi Mei kuna tamasha la filamu la Cannes, na mwanzoni mwa Juni kuna mbio za magari za Monaco. Julai kuna tamasha la jazz la Juan-les-Pins, linalofanyika tangu 1960. Na Agosti Wafaransa wenyewe wako likizo. Miezi hiyo bei hupanda na vyumba huisha. Mwisho wa Septemba bahari bado ina joto na mji umepumua.

Sasa pesa. Hoteli nyingi, ukifika, huzuia kiasi fulani kwenye kadi yako kama dhamana. Pesa hiyo haijakatwa, lakini huwezi kuitumia, na inaweza kuchukua siku kadhaa kurudi baada ya wewe kuondoka. Mtu aliyebeba salio linalotosha chumba tu hujikuta siku ya kwanza hana ya chakula. Uliza hoteli kabla ya safari: mnazuia kiasi gani, na mnakubali kadi ya kulipia kabla? Nyingine huikataa. Uliza pia kuhusu kodi ya wageni, ile inayoitwa taxe de séjour. Hutozwa kwa kila mtu mzima kwa kila usiku, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni.

Na ukipata ujumbe unaodai kutoka hotelini, eti malipo yako yamekataa na ubonyeze kiungo uweke tena nambari za kadi, usibonyeze. Funga, kisha pigia hoteli kwa nambari iliyo kwenye tovuti yake. Matapeli wanapenda sana wasafiri, kwa sababu msafiri ana haraka na anaogopa kupoteza chumba.

Kula

Nenda soko la Marché Provençal, kwenye barabara ya Cours Masséna ndani ya mji mkongwe. Lina paa, liko wazi asubuhi, na mtu aliyezoea Marikiti pale Mombasa hatajihisi mgeni: zeituni, jibini, matunda, viungo, na wauzaji wanaokuonjesha ili uone haya kuondoka mikono mitupu. Nje ya miezi ya kiangazi hufungwa Jumatatu. Tafuta socca, chapati nyembamba ya unga wa dengu inayookwa kwenye sinia pana la shaba ndani ya tanuri la kuni, na huliwa moto kwa pilipili manga. Tafuta na pan bagnat, mkate wa mviringo uliojazwa samaki jodari, yai, mboga na zeituni. Nusu saa, umeshiba, na hujakaa meza ya mtu.

Ukitaka kukaa, kula mchana. Mikahawa mingi huandika ubaoni chakula cha siku, plat du jour, na huwa nafuu kuliko menyu ya jioni. Lakini jikoni za kule zina saa zake: mchana ni saa sita hadi saa nane hivi, kisha moto unazimwa mpaka saa moja jioni. Ukifika saa tisa na njaa yako utapewa kahawa na pole. Maji ya bomba, ukiomba carafe d'eau, huja bure pamoja na chakula. Usipoyataja hivyo utaletewa chupa ya kulipia. Ada ya huduma imo kwenye bei tayari, kwa hivyo bakshishi ni hiari yako.

Hapa ndipo wengi hupoteza pesa bila kujua. Unaleta kadi, mashine inakuuliza: ulipe kwa euro au kwa shilingi za Kenya? Shilingi inavutia kwa sababu unaielewa. Chagua euro. Ukichagua shilingi, anayebadilisha pesa ni mwenye mashine, kwa kiwango chake na faida yake juu. Tufanye hesabu ya mfano. Hoteli ni euro 240. Tuseme kiwango chako cha kawaida ni shilingi 150 kwa euro: 36,000. Mashine ikikupa kiwango cha 162, utalipa 38,880. Hizo 2,880 zimeenda kwa kubonyeza kitufe kimoja. ATM nazo huuliza swali hilo hilo, na jibu ni hilo hilo. Mhudumu akikubonyezea bila kukuuliza, kataa kabla hujaweka PIN. Uamuzi huo ni wako mwenye kadi.

Kutazama

Kasri la Grimaldi, juu ya ukuta wa bahari, ndimo Picasso alimofanyia kazi mwaka 1946, na leo ni jumba la makumbusho lenye jina lake. Ng'ambo ya bandari kuna Fort Carré, ngome ya karne ya 16 ambamo Napoleon alifungwa kwa muda mfupi mwaka 1794. Zote mbili hufungwa Jumatatu, kwa hivyo siku hiyo iachie pwani. Plage de la Gravette, ufuo mdogo wa mchanga chini ya kuta, hauna kiingilio. Kwenye boma karibu na hapo limekaa sanamu la Nomade la Jaume Plensa, umbo la mtu aliyeundwa kwa herufi tupu, na unaweza kuingia ndani yake ukatazama mashua. Mwenye miguu mizuri azunguke rasi ya Cap d'Antibes kwa njia ya mawe kando ya bahari. Hufungwa bahari ikichafuka.

Malta tunaitaja kwa sababu Kiingereza ni lugha rasmi huko, pesa ni euro ile ile, na viza ya Schengen inakuingiza. Kutoka Valletta unavuka Grand Harbour hadi Birgu, ambako mashua za kifahari zimepangwa chini ya Fort St Angelo. Kula pastizzi, sambusa zao za jibini au njegere. Na tega sikio: bahari wao huiita baħar, soko ni suq, saba ni sebgħa. Kiarabu kiliacha mbegu kwao kama kilivyoacha kwetu.

Kabla hujatoka nyumbani

Mkenya anahitaji viza. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Halafu laini yako: washa huduma ya kuitumia nje ya nchi ukiwa bado Kenya. Nambari ya kuthibitisha malipo huja kwa SMS kwenye laini hiyo. Ukiiacha kwenye droo, kadi ina pesa na huwezi kuitumia. Beba pia kadi ya pili, na usiiweke kwenye mkoba mmoja na ya kwanza.

Kuna jambo jingine linalotuhangaisha. Antibes ni kituo kikubwa cha kuajiri mabaharia wa mashua hizi, na jina lake linatumiwa kuwavuta vijana: tuma elfu themanini kwa simu, kazi iko tayari. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya imeuridhia, unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Baharia hulipia pasipoti, cheti cha afya na kitabu chake cha ubaharia, basi. Wakala ahakikishwe na Mamlaka ya Bahari ya Kenya kabla senti haijatoka. Na viza ya utalii hairuhusu kazi, hata aliyekuuzia akikuapia. Ikiwa umeshatuma, tupigie mara hiyo hiyo, maana pesa ikishatolewa kwa wakala upande wa pili, kuirudisha ni vigumu mno.

Siku ya mwisho, maliza sarafu zako kwenye kahawa ya kituoni. Maduka ya kubadilisha pesa huku nyumbani huchukua noti. Sarafu za euro zitabaki mfukoni mwako.