"Borrow" na "Lend": Ni Nani Atoaye, na Ni Nani Apokeaye?

Maneno ya Kiingereza "borrow" na "lend" si maneno magumu. Mtoto wa shule huyasikia mapema, naye huyahitaji kila mara atakapo kalamu ya mwenziwe. Hata hivyo mtu mzima aliyesoma miaka mingi, awezaye kuandika barua ndefu pasipo kosa jingine, huonekana akiandika "Please borrow me twenty shillings", na msomaji wake Mwingereza hubaki akijiuliza ni nani hasa atakaye fedha.

Kosa hili halitokani na uvivu. Asili yake ni katika Kiswahili chenyewe. Katika kamusi ya Frederick Johnson, iliyotolewa mwaka 1939, neno "azima" limepewa maana zote mbili, kutoa na kupokea. Watu husema, "Jirani aliniazima jembe," na tena husema, "Niliazima jembe kwa jirani." Katika maneno yote mawili jembe limetoka kwa jirani likaja kwa msemaji. Kinachoonyesha njia ya jembe si neno "azima", bali ni kile kiungo kidogo "ni" kilicho ndani ya "aliniazima", na lile neno "kwa". Basi aliyezoea neno moja kwa kazi mbili huchukua neno moja la Kiingereza, na mara nyingi huwa ni "borrow", akalitumia huku na huku.

Kiingereza hutazama mkono. Kitu kikitoka mkononi mwa mwenyewe kwenda kwa mwingine, mwenyewe husemwa kwamba "lends". Kikiingia mkononi mwa mwenye haja, huyo husemwa kwamba "borrows". Jembe ni lilelile, siku ni ileile, wala hapakuwa na mambo mawili. Lakini Mwingereza hana budi kuchagua asimame upande gani ndipo ataje jambo. Kwa hiyo "lend" hufuatana na "to", na "borrow" hufuatana na "from": "Juma lent his bicycle to Otieno", na "Otieno borrowed the bicycle from Juma". Tena "lend" huweza kumtaja mpokeaji papo hapo bila "to", kama katika "Lend me your bicycle". "Borrow" haliwezi. "Borrow me" kwa maana ya "lend me" ni kosa katika Kiingereza sanifu.

Kwa wakati uliopita, "borrow" huwa "borrowed", na "lend" huwa "lent". Hakuna neno "lended". (Neno "Lent" likiandikwa kwa herufi kubwa ni Kwaresima, na halina udugu wowote na mambo ya kukopeshana.) Lipo pia neno "loan", yaani mkopo, nalo hufaa pande zote mbili. Marekani wengi husema "Loan me ten dollars", lakini walimu wengi wa Uingereza hupendelea "lend" kwa kazi hiyo.

Asidhani mtu kwamba Kiswahili ni maskini katika jambo hili. Kina tofauti ambayo "borrow" na "lend" hazinayo kabisa. Jembe huazimwa, kwa kuwa litarudi jembe lilelile. Unga na fedha hukopwa, kwa kuwa unga utaliwa na fedha itatumika, na kitakachorudi ni kingine chenye kadiri ileile. Wanasheria wa Roma ya kale walizitenga namna hizi mbili na kuzipa majina mbalimbali, kama Waswahili wafanyavyo. Mwingereza husema "borrow" kwa jembe na kwa unga pia.

Na katika fedha Kiswahili hutenga mikono vizuri sana: kukopa ni kupokea, kukopesha ni kutoa. Huu ndio ufunguo wa somo lote. Mwenye mashaka na ajiulize kwanza, hata kama kitu chenyewe ni jembe au kitabu: lingekuwa ni jambo la fedha, angesema "kopa" au "kopesha"? Penye "kopa" na aandike "borrow". Penye "kopesha" na aandike "lend".

Katika mazungumzo kosa hili huleta kicheko tu. Katika karatasi yenye sahihi huweza kuleta hasara. Tuseme Juma amempa Otieno shilingi 2,000, nao wakaandika kwa Kiingereza ili karatasi ionekane ya heshima: "Juma has borrowed Otieno 2,000 shillings." Mwandishi alitaka kusema kwamba Juma amekopesha. Lakini neno "borrowed" lamfanya Juma kuwa mdeni! Wakigombana baadaye, Juma atalazimika kutafuta mashahidi wa kuthibitisha kinyume cha karatasi aliyoitia sahihi mwenyewe. Ni afadhali mara mia karatasi ya Kiswahili iliyo wazi.

Aliyesoma "Mabepari wa Venisi", mchezo wa Shakespeare uliotafsiriwa na Julius Nyerere na kutolewa mwaka 1969, aweza kujipima kwa mambo yaliyomo. Bassanio ahitaji fedha, lakini Antonio ndiye atiaye sahihi. Shylock hutoa dukati 3,000 kwa miezi mitatu. Hapo "lender" ni Shylock. "Borrower" katika hati ni Antonio, ingawa fedha yenyewe yatumiwa na Bassanio. Na ni mwili wa Antonio uliowekwa rehani.

Jambo moja zaidi lawahusu wenye mashamba. Katika Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, anayeweka ardhi yake rehani huitwa "chargor", na anayeipokea rehani hiyo, kama vile benki, huitwa "chargee". Wengi hukosea hapa, wakidhani kwamba "chargor" ni mwenye fedha, kwa kuwa mwisho "-or" huonyesha mtoaji. Ni kweli huonyesha mtoaji, lakini kinachotolewa hapa ni ardhi, si fedha. Kwa kawaida, basi, "chargor" ndiye "borrower", na asipolipa, shamba lake laweza kuuzwa kwa kufuata sheria.

Msomaji na ajaribu kutia neno lifaalo katika nafasi hizi:

1. May I ..... your umbrella?
2. The bank refused to ..... him the money.
3. She ..... two books from the library last week.
4. Who ..... you this bicycle yesterday?

Majibu: 1, borrow, 2, lend, 3, borrowed, 4, lent.