Slaidi Zinazosomeka Hadi Benchi la Mwisho

Wafanyabiashara wa kaunti za Kitui na Makueni wana mengi ya kuonyesha: maembe, ndengu, asali ya Mwingi, viondo. Wakipata nafasi mbele ya sako, mnunuzi wa Nairobi au kamati ya kaunti, huwa ni dakika chache tu, na mara nyingi dakika hizo humezwa na slaidi zilizojaa maandishi. Inauma kuona mradi mzuri ukinyimwa mkopo kwa sababu grafu yake haikueleweka. Ukiwa na mkutano hivi karibuni, soma haya kwanza.

1. Kila slaidi ibebe jambo moja, na kichwa chake kilitaje jambo hilo.
"Mauzo ya Ndengu" hakimwambii mtu chochote. Andika "Ndengu iliyochambuliwa hununuliwa haraka", kisha weka picha mbili: sahani ya ndengu iliyochanganyika na mawe na maganda, na sahani ya ndengu safi. Inatosha. Uchache wa maneno una faida nyingine huku kwetu: slaidi ileile utaieleza kwa Kikamba ukiwa Mutomo, na kwa Kiswahili au Kiingereza ukiwa benki Nairobi, bila kubadilisha chochote.

2. Grafu ya pau ianzie sifuri.
Hili silegezi. Chukua sensa ya 2019: Kitui ilihesabiwa watu 1,136,187, Makueni 987,653. Tofauti ni kama asilimia 15. Sasa chora pau mbili, lakini mhimili wako uanzie 900,000. Pau ya Kitui itaonekana ndefu zaidi ya mara mbili na nusu ya pau ya Makueni! Tarakimu zote ni za kweli, ila jicho limedanganywa. Programu nyingi za kompyuta hukata mhimili zenyewe bila kukuuliza, kwa hiyo ukague kila mara kabla ya kuhifadhi faili. Na usidhani hakuna atakayegundua. Tangu ugatuzi uanze 2013, Makueni imejijengea jina kwa mikutano ya wananchi inayoanzia vijijini, ambako watu hujadili miradi na bajeti. Wasikilizaji wa namna hiyo wakikunasa na pau moja iliyopotoshwa, hawataamini hata zile zilizo sawa.

Ramani nazo zina mtego wake. Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, Makueni takriban 8,000. Ukizipaka rangi ramani kuonyesha idadi ya wateja, Kitui itameza ukurasa mzima ingawa idadi ya watu inakaribiana. Ramani ionyeshe mahali. Wingi uachie pau.

3. Anza mwaka pale msimu unapoanzia.
Grafu nyingi huanza Januari kwa mazoea tu. Lakini maembe ya Makueni huiva kwa wingi kuanzia mwisho wa mwaka na kuendelea hadi Machi hivi. Grafu ya Januari hadi Desemba huukata msimu huo vipande viwili, kimoja pembe ya kushoto na kingine pembe ya kulia, na mtazamaji huona misimu miwili isiyokuwepo. Anza Oktoba, umalizie Septemba. Msimu utainuka kama kilima kimoja, na miezi mitupu itaonekana wazi kwa upande wa pili. Hiyo miezi mitupu ndiyo inayomhusu anayekukopesha. Kwa kiwanda kama kile cha matunda cha Kalamba, Makueni, kilichoanza kazi 2017 kikisindika maembe kuwa rojo, swali la kwanza la mkopeshaji ni: mashine zitafanya nini maembe yakiisha? Liwekee jibu kwenye slaidi hiyohiyo. Oktoba inafaa hata kwa grafu ya mvua, kwa kuwa mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, ndizo mkulima wa huku anazozitegemea zaidi.

4. Piga picha za mali yako mwenyewe.
Achana na embe la kupakua kwenye intaneti. Kati ya aina za maembe, mnunuzi anaitambua Apple kwa umbo lake la mviringo na Ngowe kwa urefu wake. Ukimwonyesha aina usiyoiuza, umeshajiangusha. Piga picha asubuhi, jua likiwa bado pole, juu ya kitambaa cha rangi moja. Weka mkono au kreti kando ya tunda ili ukubwa wake uonekane.

5. Kamera isipoona, chora.
Picha ya bwawa la mchanga huonyesha ukuta wa zege na mto mkavu. Mgeni ataitazama na kujiuliza mradi uko wapi. Maji yamo ndani ya mchanga, nyuma ya ukuta, katikati ya chembe, ambako jua haliyafikii kwa urahisi. Kwa hiyo chora bwawa lililokatwa ubavuni: mwamba chini, ukuta, mchanga uliojaa, usawa wa maji kwa rangi ya buluu, kisha bomba au kisima cha kuyatolea. Mistari hiyo mitano itaeleza kile ambacho picha kumi za mto zimeshindwa kueleza. Fanya hivyohivyo kwa mzinga wa nyuki na kwa tangi la chini ya ardhi.

6. Chagua rangi ukiukumbuka mwanga wa ukumbi.
Kumbi zetu nyingi zina madirisha makubwa, na mikutano hufanyika mchana. Njano juu ya nyeupe hupotea kabisa. Tumia maandishi meusi juu ya nyeupe, na rangi moja nzito kwa kile unachotaka kionekane. Usitegemee nyekundu na kijani peke yake kutenganisha hasara na faida, kwani wapo watu, wanaume hasa, wasioweza kuzitofautisha. Andika neno lenyewe kando ya pau.

7. Simama nyuma kabisa.
Fika mapema, washa projekta, nenda benchi la mwisho. Usichoweza kusoma ukiwa hapo, kikuze au kifute.

8. Beba karatasi.
Stima ikipotea, grafu yako muhimu iwe imechapishwa kwenye karatasi kubwa ya kubandikwa ukutani. Moja tu inatosha.

Basi fungua faili yako leo, kabla ya kuongeza kitu kingine chochote, na uangalie mihimili ya grafu zako inaanzia wapi.