Kijana Azuiliwe kwa Muda Gani?

Wako wazazi ambao, wakisha kuchoshwa na mtoto mwizi au mgomvi, humwomba hakimu amweke mbali nao "mpaka atakapotengenea." Yatupasa tuulize muda huo ni kiasi gani, na ni nani atakayeupima.

Twaeni mfano wa Kenya. Huko Sheria ya Borstal ilimruhusu hakimu kumpeleka mvulana mkosaji, ambaye hajatimiza miaka 18, akakae miaka 3 katika chuo kama kile cha Shimo la Tewa, karibu na Mombasa, au cha Shikusa, upande wa Kakamega. Jina hilo latokana na kijiji cha Borstal, Uingereza, ambako mpango huu ulianzishwa mwaka 1902. Waingereza wenyewe waliufuta kwa sheria ya mwaka 1982. Nia yake haikuwa mbaya: kumtenga kijana na wafungwa wakubwa, na kumfundisha kazi.

Lakini miaka 3 ni mingi katika umri ule. Tuseme kijana wa miaka 16 ameiba baiskeli. Mtu mzima kwa kosa lilo hilo aweza kupewa miezi michache tu, au faini. Kijana yule atoka akiwa na miaka 19. Wenzake wamekwisha maliza shule, naye amekuwa mgeni nyumbani kwao, hata wadogo zake wamwonea haya. Je, hiyo ndiyo huruma tuliyomkusudia?

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya na Tanzania ziliuridhia, wasema mtoto azuiliwe pale tu njia nyingine zinaposhindikana, tena kwa muda mfupi kabisa unaofaa. Hatusemi kwamba majuma mawili yatosha; useremala haufundishwi kwa majuma mawili, na aliyejeruhi mtu hawezi kurudishwa upesi karibu na jirani aliyemwumiza. Twasema miaka 3 iwe ukomo, isiwe kipimo cha kila mmoja.

Tena muda huo hautegemei hakimu peke yake. Kabla ya kuamua, yeye husoma taarifa ya afisa wa probesheni aliyekwenda kuuliza nyumbani. Afisa huyo akipiga hodi, mzazi asimjibu tu, "Mchukueni." Amweleze ni mjomba gani awezaye kukaa na kijana, ni fundi gani atakayempokea kazini, na ni siku zipi baba mwenyewe atakuwapo nyumbani.