Mgao Unapobadilika, Nyumba Isigawanyike

SOMO LA FAMILIA
Andiko la kusoma pamoja: Matendo ya Mitume 6:1-7

Somo letu linahusu jambo linalosumbua nyumba nyingi katika makazi yetu hapa Uganda: utaratibu unapobadilika, sisi tunabadilikaje?

Tumeyaona kwa macho yetu. Aprili 2020 mgao wa chakula wa WFP ulipunguzwa kwa asilimia 30. Februari 2021 punguzo likafika asilimia 40. Mwaka 2023 familia ziligawanywa katika makundi matatu: wenye uhitaji mkubwa walipata asilimia 60 ya mgao kamili, wa kati asilimia 30, na kundi la tatu, waliohesabiwa kuwa wanaweza kujitegemea, hawakupata kitu. Mwaka 2025 fedha za wafadhili zilipopungua tena, watu wengi zaidi waliondolewa. Tena mahali pengi gunia la mahindi limegeuka kuwa fedha. Majirani waliokuwa wakipanga foleni moja sasa wanatazamana kwa mashaka.

1. Kanisa la kwanza lilipita njia hii

Kule Yerusalemu waamini waliongezeka, na utaratibu uliowafaa watu wachache haukuwatosha wengi. Wajane wa wale waliosema Kiyunani wakawa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Manung'uniko yakaanza, tena kwa kufuata lugha.

Angalieni vizuri: andiko halisemi kwamba kuna mtu aliiba. Linasema wajane walisahauliwa. Sisi mara nyingi tunakimbilia kusema kwamba mwenyekiti wa kijiji ameuza majina, na hatuna ushahidi.

Mitume walifanya nini? Hawakuwanyamazisha waliolalamika. Hawakujitwika kila kazi. Waliwaambia watu wenyewe wachague watu saba wenye sifa njema. Na majina ya wote saba, kuanzia Stefano mpaka Nikolao, ni ya Kiyunani. Inaonekana kanisa liliwapa kazi watu wa upande ule uliokuwa umeumia. Matunda yake ni kwamba neno la Mungu likazidi kuenea.

2. Nyumbani

Unga ukiingia nyumbani, kila mtu anauona. Mama anapima kwa kikombe, anajua utafika siku gani. Lakini fedha huingia mfukoni mwa mtu mmoja, na hapo ugomvi huanza. Baba aliyekuwa mwalimu au mfugaji anajiona hana kazi tena nyumbani mwake. Mama ambaye jina lake liko kwenye kadi anaambiwa amekuwa na kiburi.

Wengine huondoka kwenda kutafuta kibarua Mbarara au Kampala. Kuondoka si dhambi, na Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kutembea na kufanya kazi. Shida ni kuondoka bila mapatano. Kabla ya safari, mume na mke wakae chini wapatane: ni miezi mingapi, fedha zitatumwa namna gani, nani atalima kiwanja. Na siku fedha za mgao zinapofika, zihesabiwe mbele ya wote wawili kabla hazijatumika.

3. Watoto

Watoto hubadilika haraka kuliko sisi. Wazazi wengi tulisoma kwa Kifaransa. Wao wanasoma kwa Kiingereza. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi anakuwa mkalimani wa mama yake zahanati na ofisini. Ni msaada, lakini ni mzigo pia, maana anasikia magonjwa na siri ambazo hazimfai. Kwa mambo mazito, tafuta mtu mzima.

Chakula kikipungua, binti ndiye anayeachishwa shule kwanza ili alee wadogo zake mama akienda kulima kwa watu. Wamama watatu wanaweza kupeana zamu ya kulea, na mabinti wote wakabaki darasani. Tena waambieni watoto ukweli kwa kipimo chao. Mtoto asiyeambiwa kwa nini chakula kimepungua anaweza kudhani kosa ni lake.

4. Kazini

Mradi ukifungwa, mhudumu wa afya au mwalimu msaidizi anarudisha kitambulisho na kubaki nyumbani. Anaona haya hata kuja ibadani. Tumkumbushe Akila na Prisila. Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi katika mji wa Rumi, nao wakafika Korintho kama wageni (Matendo 18:1-3). Walishona mahema pamoja na Paulo. Heshima yao haikukaa katika mji walioupoteza, na nyumba yao ikawa mahali pa kumfundisha Apolo.

5. Kanisani

Wako wanaolitumia andiko la 2 Wathesalonike 3:10 kuwahukumu waliokatwa chakula. Wasome vizuri. Paulo anamsema yule asiyetaka kazi. Hamsemi aliyekosa kazi, wala mgonjwa, wala mjane mwenye watoto watano. Kuwekwa kundi la tatu si ushahidi kwamba nyumba hiyo imeshiba.

Basi tufanye hivi:

- Anayeona amewekwa kundi lisilo lake apeleke lalamiko mapema kwenye meza ya malalamiko, akiwa na kadi yake, badala ya kumtuhumu jirani.
- Kila kanisa lichague watu wachache wenye sifa njema, wanawake na wanaume, kutoka kila lugha, watembelee nyumba zilizokosa mgao.
- Vikundi vya akiba na likelemba viwe na daftari linalosomwa mbele ya wote.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni wajane gani wanasahauliwa kati yetu leo? Wanasema lugha gani?
2. Nyumbani kwako, nani anajua fedha zimetumikaje?
3. Kuna mtoto anayebeba mzigo wa mtu mzima? Nani atampunguzia?

Tuombe: Bwana, utaratibu wa dunia hubadilika. Utupe macho ya kumwona aliyesahauliwa, na mikono ya kugawana kidogo tulicho nacho. Amina.