Matege: Jua Tunalo, Lakini Je, Linamfikia Mtoto?

Mtoto akianza kutembea miguu ikiwa imepinda, maneno mtaani huwa mengi. Nyanya atasema alisimamishwa mapema. Jirani atalaumu kubebwa mgongoni. Yote mawili si kweli, na miezi inayopotea katika mabishano hayo ndiyo inayomuumiza mtoto.

Matege hutokana na mifupa laini. Mifupa huhitaji kalsiamu ili iwe imara, na vitamini D ndiyo huuwezesha mwili kuitoa kalsiamu hiyo katika chakula. Ikikosekana, mifupa inayokua hubaki laini, na mtoto akisimama uzito wake huipinda. Kusimama hufichua tu ugonjwa uliokuwepo.

Vitamini D nyingi hutengenezwa na ngozi inapopigwa na jua. Kenya jua si haba, lakini mtoto anayelelewa katika ploti zilizobanana, mchana kutwa ndani ya chumba kimoja, halioni. Akitolewa nje, huwa na sweta, kofia na blanketi juu. Kumlaza karibu na dirisha lililofungwa hakusaidii, kwa kuwa kioo huzuia miale inayohitajika. Atolewe nje asubuhi jua likishapanda kidogo, mikono na miguu ikiwa wazi, bila kumwacha aungue.

Maziwa ya mama yana vitamini D kidogo, ila hiyo si sababu ya kuacha kunyonyesha. Mtoto anyonye maziwa ya mama pekee hadi miezi 6, kisha aongezewe vyakula kama mayai, maziwa na omena iliyosagwa na mifupa yake. Uji mtupu wa mahindi, hata uwe mzito vipi, hautoshi.

Si kila mguu uliopinda ni matege. Watoto wengi huwa na upinde kiasi hadi karibu miaka 2, kisha hunyooka. Wasiwasi uje vifundo vya mikono vikinenepa, mbavu zikiota vinundu, meno yakichelewa, au utosi ukiwa bado wazi baada ya miezi 18. Wengine huchelewa kukaa na kutembea. Akipata degedege, akimbizwe hospitalini mara moja.

Daktari huthibitisha kwa eksirei na kupima damu. Tiba ni vitamini D na kalsiamu, kwa kawaida kwa miezi 3 au zaidi. Mzazi asijinunulie dawa hizo na kukisia kipimo, kwani vitamini D ikizidi hudhuru figo. Mtoto mdogo akitibiwa mapema, miguu mara nyingi hunyooka yenyewe. Akichelewa, huenda akahitaji upasuaji. Na kwa msichana, nyonga iliyopinda inaweza kumletea shida ya kujifungua miaka mingi baadaye.

Mzazi mwenye shaka anaweza kumwomba mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea boma lake amtazame mtoto, au aende kliniki na kijitabu cha Mama na Mtoto. Asisubiri tarehe ya chanjo.