Ziara ya Masomo Kitulo Wakati wa Mvua

Mwalimu wa shule ya msingi anapotaka kuwapeleka wanafunzi wake katika hifadhi ya taifa, kwa desturi huchagua kiangazi. Sababu anazozitoa ni za kweli: barabara zimekauka, nyasi zimepungua, na wanyama hukusanyika penye maji. Lakini kanuni hiyo yafaa mbuga za wanyama. Mwalimu wa Kyela akiifuata bila kuichunguza, atafika Kitulo mwezi wa Agosti na kukuta nyasi kavu zilizopigwa na baridi, na maua machache mno.

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005, ilianzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Ina aina zipatazo 350 za mimea, zikiwamo aina 45 za okidi zinazoota ardhini. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Maua huanza kuchanua mvua zinaposhika, kuelekea mwisho wa Novemba, na huendelea hadi Aprili. Ndege mmoja adimu, mbayuwayu wa buluu, huja katika nyasi hizo wakati uo huo kutaga na kulea makinda, kisha huhamia kaskazini hadi Uganda. Kwa hiyo asiyekwenda wakati wa mvua haioni Kitulo yenyewe. Hapa tunajadili namna ya kuandaa ziara hiyo kwa darasa la tano au la sita, mvua ikiwa sehemu ya somo badala ya kuwa kikwazo chake.

Tuanze na tarehe. Kule Kyela mvua huwa kubwa kupita kiasi mwezi wa Aprili na Mei, wakati mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe inapojaa na kuingia katika mashamba ya mpunga. Mwezi wa Februari maua ya Kitulo yamekwisha kuchanua, na mafuriko ya tambarare kwa kawaida bado hayajafikia upeo wake. Sisi tunapendekeza Februari.

Matayarisho ya darasani yaanze wiki mbili kabla. Wanafunzi watengeneze kipimamvua kwa chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, shingo hiyo ikapinduliwa na kuwa mrija, na waandike kipimo kila asubuhi saa moja. Kazi hii ni ndogo, lakini humfanya mtoto aende Kitulo akiwa na jambo la kulinganisha. Chombo cha pili ni kipimajoto. Kipimo kisomwe shuleni kabla ya kuondoka, kisomwe tena Tukuyu, na tena juu uwandani. Ufuko wa Ziwa Nyasa upo karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Kitulo upo karibu mita 2,600. Kwa kuwa joto hupungua kiasi cha nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, wanafunzi watarajie tofauti ya nyuzi 12 au 13. Waache wakokotoe wenyewe kabla ya safari, kisha wakahakikishe. Upepo unaovuka ziwa ukikutana na milima ya Livingstone hulazimika kupanda, hupoa namna hiyo hiyo, na mvuke wake hugeuka mawingu. Mtoto wa Matema ameyaona mawingu hayo tangu alipozaliwa. Sasa atakuwa ameyapima.

Kutokana na hesabu hiyo mwalimu apate onyo. Mtoto aliyezoea joto la Kyela, akilowa katika uwanda wenye upepo, aweza kudhurika upesi. Kila mwanafunzi awe na sweta, kitu cha kujikinga mvua, na nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Asiye navyo atafutiwe na shule mapema; asiachwe nyumbani kwa sababu hiyo, wala asichukuliwe bila navyo.

Njia ni mbili. Moja huiacha barabara ya Tukuyu na Mbeya pale Isyonje na kupitia Kikondo. Nyingine huzunguka kwa Uyole hadi Chimala, kisha hupanda Matamba, yalipo makao makuu ya hifadhi, kwa kona kali zinazoitwa Hamsini na Saba. (Wape wanafunzi kazi ya kuzihesabu, garini patakuwa na utulivu.) Mwalimu apige simu hifadhini siku mbili kabla, na tena jioni ya kuamkia safari, aulize njia ipi inapitika. Safari ya kwenda na kurudi siku moja hatuipendi: dereva huchoka, na mteremko hushukwa gizani. Afadhali kuomba madarasa ya kulala katika shule iliyo karibu, au kuahirisha.

Juu uwandani hakuna tembo wala simba, na kwa sababu hiyo darasa laweza kutembea kwa miguu pamoja na askari wa hifadhi. Hatari yenyewe ni radi. Uwanda ni wazi, na mtu huwa ndiye mrefu kuliko vyote vilivyomzunguka. Ngurumo ya kwanza ikisikika, hata kwa mbali, wote warudi garini na wakae humo hadi nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Hapa hapana majadiliano. Mvua mara nyingi huja mchana, basi matembezi yafanywe asubuhi.

Mahali pazuri pa kusimama ni ukingoni, uwanda unapokatika. Maji ya sehemu kubwa ya Kitulo huelekea kaskazini, huingia Ruaha Mkuu unaoendesha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu, kisha Rufiji, na kumwagika baharini kukabili Mafia. Tone linaloangukia mteremko unaotazama ziwa hushuka hadi Nyasa, hutoka kwa mto Shire, huingia Zambezi, na kufika bahari ile ile ya Hindi huko Msumbiji. Mwanafunzi amwage maji ya kikombe kimoja upande huu na kimoja upande ule, kisha afuate safari zote mbili katika ramani. Dakika kumi za zoezi hili zazidi saa nzima ya kunakili maneno ya kiongozi.

Kuhusu okidi, mwalimu asiishie kusifu rangi. Chini ya mmea mna viazi viwili vidogo: kimoja cha zamani kilichonyauka, kimoja kipya cha mwaka ujao. Nchini Zambia viazi hivyo hupondwa pamoja na karanga kutengeneza chakula kiitwacho chikanda, na tangu miaka ya 1990 vimechimbwa kwa wingi katika nyanda hizi na kupelekwa huko. Kinachotakiwa ni kile kipya. Kikichukuliwa, mmea umekufa. Na mchimbaji huuona mmea wakati uo huo tunaouona sisi, ukiwa na ua. Jambo hili lijadiliwe kwa haki. Wanaochimba ni wakulima wenye haja ya fedha, na huenda darasani yumo mtoto ambaye jamaa yake hufanya biashara hiyo. Swali la kuwapa vikundi liwe hili: mchimbaji angepata wapi fedha za sare za mtoto wake kama asingechimba? Tusitarajie jibu moja.

Baada ya kurudi, insha ya "Ziara Yetu" yaweza kungoja. Kipimamvua kiendelee kusomwa hadi Mei, na kando ya vipimo vyake yaandikwe maji ya Kiwira yamefikia wapi katika nguzo ya daraja iliyotiwa alama. Alama hizo zisomwe na mwalimu mwenyewe kutoka juu ya daraja. Kingo za Kiwira mwezi wa Aprili hazifai kukanyagwa na mtoto.